Video ya Degedege

Harufu ya petroli ya jenereta hunirudisha darasa la tano, shuleni kwetu Kwedizinga, msimu ambao mahindi yalikuwa yakichanua na mbu hawana hesabu. Kijiji hakikuwa na umeme. Mwalimu wetu wa sayansi, kijana mgeni kutoka Korogwe mjini, aliazima projekta na jenereta, tukaziba madirisha kwa magunia na khanga za mama zetu, picha zikawaka ukutani. Tulianza kwa kucheka, maana mbu aliyetokea alikuwa mkubwa kama mbuzi. Kisha akatokea mtoto mdogo amelala mkekani, macho yamegeuka juu, mikono imekakamaa. Kicheko kikatukauka. Sauti ya video ilisema ni malaria iliyopanda kichwani, awahishwe akachomwe sindano. Wenzangu wawili walitoka mbio; tuliobaki tulimwona akichomwa, kisha amekaa anakunywa uji. Kwetu degedege haikutajwa ovyo. Tuliambiwa huletwa na ndege apitaye juu ya nyumba, na kwamba mtoto aliyeshikwa nayo akichomwa sindano hufa palepale.

Wiki haikuisha, mdogo wangu Saidi akashikwa. Ilikuwa mchana, mama anapepeta mahindi uani, na macho ya Saidi yaligeuka vilevile kama ya yule mtoto wa ukutani. Mama aliangusha ungo. Bibi, mzaa baba, akaanza kumfukiza kwa moshi wa kinyesi cha tembo.

“Mtoto wa hivi hachomwi sindano,” alimwambia baba. “Mkimchoma, mmemzika.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelelewa kwa methali hiyo. Hata hivyo nilisema, “Baba, shuleni tulionyeshwa mtoto kama Saidi. Alichomwa sindano akapona.”

“Ulimwona akipona, au uliambiwa tu?”

“Nilimwona, baba. Alikaa akanywa uji.”

Baba akaita bodaboda. “Na wewe panda,” akasema. Tulikwenda mshikaki, tumebanana juu ya pikipiki moja, mpaka zahanati, Saidi kabanwa kifuani mwa baba, amelegea.

Muuguzi alipoinua sindano, ujasiri wote ulinitoka. Huenda bibi alikuwa anajua. Huenda yule wa ukutani alikuwa mtoto wa kuigiza tu. Saidi akifa, nitakuwa nimemuua mimi kwa mdomo wangu, na sitakuwa na pa kurudi. Sindano ikaingia. Nilikodolea macho kifua chake, kikishuka naogopa, kikipanda napumua. Jioni aliomba maji. Tuliporudi nyumbani, bibi alimpokea mlangoni, akamshika kichwa na miguu kama anayekagua.

Leo Saidi ana ndevu, nami nafundisha Korogwe. Darasani kuna televisheni, na video kama ile naitoa kwenye simu kwa kugusa mara moja. Wanafunzi wangu wamezoea picha. Hucheka mbu, na mtoto wa mkekani akitokea huendelea kutafuna miwa. Hapo ndipo mwili hunisisimka. Sisi tuliogopa mpaka wengine wakakimbia, na nadhani ni hofu ile iliyonikalia moyoni hadi nikathubutu kufungua mdomo mbele ya bibi. Hawa wangu hawaogopi kitu, na sijui siku mdogo wao atakapogeuza macho, nani kati yao atakumbuka.