Niliwaambia wakwe kwamba mwanga unaweza kupitwa, kreti zetu zikarudishwa

Wakuu, salaam kutoka Uvira. Haya yamenikuta mimi mwenyewe Jumamosi iliyopita. Chumvi sijaongeza, natamani hata ningekuwa na cha kupunguza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mchumba wangu Furaha tulisoma naye darasa moja, na tusidanganyane, alinizidi.

Tulikwenda kwao Kalundu, bandarini, kujitambulisha, mimi na shangazi yangu, na kreti zetu za vinywaji. Msemaji wa familia ni baba yake mkubwa, mzee mwenye boti ya mizigo ziwani.

Desturi ya kwao, vinywaji walivyoleta wageni havifunguliwi mpaka binti aitwe na kuulizwa kama anamjua huyo mwanaume. Kabla ya hapo anakaa chumbani kimya, na anasikia kila kitu.

Mzee akanigeukia.

"Mukwe, weye iko mwalimu. Minye nikiongeza motere ya pili, boti inakimbia zaidi. Sasa tukiongeza motere, tukiongeza tena, hatutapita mwanga?"

Wakuu, jibu nalijua kama jina langu. Kitu chenye uzito kikikaribia mwendo wa mwanga, kila msukumo unazaa mwendo mdogo kuliko msukumo uliotangulia. Kuufikia tu kunadai nishati isiyo na kikomo, sembuse kuupita. Hata tochi ukiiwasha juu ya boti inayokimbia, mwanga wake hauongezeki mwendo. Ndivyo nadharia ya relativity inavyosema.

Lakini mzee alikuwa anatabasamu, na mimi nilitaka mke.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Inawezekana. Ni motere tu bado haijapatikana."

Akapiga makofi. "Munasikia? Na Furaha ananibishia kila siku, eti haiwezekani! Masomo yake yote ilikuwa bure!"

Sebule nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonitia aibu hadi sasa ninapoandika.

Furaha akaitwa. Akapiga magoti, macho chini.

"Huyu muntu unamujua?" mzee akamuuliza.

"Ule tulisoma naye, namujua," akasema. "Huyu, hapana."

Nikasimama nikaeleza ukweli wote. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mutoto iko na haki, alisema kweli. Na weye ulijua?"

"Nilijua, papa."

"Basi mubebe vinywaji yenu. Tutawaita."

Tukazirudisha kreti kwa pikipiki mchana kweupe, watu wa bandarini wanatutazama. Shangazi yangu alijifunika kitenge usoni njia nzima.

Njia ya mwongo ni fupi, wakuu, yangu haikutoka hata sebuleni. Nimejifunza kwamba ukimkana mwenzako ili wakubwa wakupende, unawakosa wote.

Hawajaita. Furaha kanitumia ujumbe mmoja tu: "Nilikuwa nyuma ya mulango, nangojea useme Furaha iko na haki."

Mnaoyajua mambo ya ukweni, nishaurini. Naanza kwa mzee au kwa Furaha? Hata wa kunisema, karibuni, nimestahili.