Mipira Mipya ya Breki

Harufu ya mpira mpya hunikasirisha hadi leo. Juzi niliingia duka la vipuri vya baiskeli pale Tukuyu kutafuta pampu, harufu ile ikanipokea mlangoni, nikajikuta nimekunja uso kama mtoto wa miaka tisa.

Baba yangu, mkulima wa ndizi wa Lufingo, alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakukubali kunipakia kwenye keria ya baiskeli yake kabla hajabadilisha mipira ya breki. Najua mvua za kwetu, najua tope linavyosaga breki. Lakini yeye alifungua mipira ambayo machoni pangu bado ilikuwa mizima, akafunga mipya, taratibu, spana ikilia kwi kwi, na mimi nachelewa. Nikilalamika jibu lilikuwa lile lile: "Usipoziba ufa utajenga ukuta, Atu."

Jumapili moja kwaya yetu ya watoto ilialikwa Ikuti, na mimi ndiye niliyepewa kuanzisha wimbo. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi hadi mbuzi wameuzoea. Safari hii, nikaapa, spana hainicheleweshi. Baba alipokwenda kuoga, nilichukua mipira mipya nikaifukia ndani ya debe la maharage. Niliamini akiikosa atapanda tu, twende.

Hakupanda. Aliitafuta uvunguni, jikoni, hadi migombani, nami nimesimama na gauni langu jeupe. Mwishowe akasema kwa upole, "Basi mama, tutatembea." Kwenye vilima alinikalisha kwenye keria akanisukuma, na kila mteremko alinishusha. Nililia kwa hasira njia nzima. Tulipofika, mwenzangu Neema alikuwa ameshauanzisha wimbo, tena kwa sauti ya chini mno, na watu wakampigia makofi. Nilimnunia Baba wiki nzima. Mama alipoiona mipira kwenye maharage, alisema panya wa siku hizi wana akili.

Mwaka jana, Baba akiwa ameshatutoka, nilimwungamia Mama tukimenya ndizi. Akacheka, akasema alijua tangu siku ile.

"Ila wewe nawe," akasema. "Ile mipya ilikuwa yako. Akikurudisha nyumbani anaivua, anafunga ya zamani. Wewe uko shule, yeye anapeleka ndizi sokoni na mipira iliyokwisha mpaka chuma kinakwaruza. Akitaka kusimama, anakanyaga tairi kwa kandambili."

Niliweka kisu chini. Nilijikasirikia, kisha nikamkasirikia na yeye, maana angeniambia tu, neno moja. Miaka yote nilidhani baba yangu anaogopa mteremko. Kumbe aliuteremka kila wiki, mikungu minne nyuma yake, bila breki.