Chungu Mwisho wa Shamba

Ukimuuliza mtu wa kijiji chetu, pale nje kidogo ya Mazwi, Fransiska alikuwa mtu wa namna gani, kwanza atacheka. Mjane yule alikuwa na nyonga mbovu na mdomo mzima. Mwaka ule, vijiji vya ujamaa vikiwa bado vipya, nyonga ilimkamata vibaya, mvua zinakaribia, na shamba lake halijaguswa jembe. Asipolima, itabidi aende Kirando kula kwa mkwe. "Heri nile udongo!" alisema, na hakuwa anatania.

Zamani lingekuwa jambo jepesi. Kwetu Ufipa, ukitaka kulimiwa, unapika pombe ya ulezi, unaiweka mwisho wa shamba, watu wanalima kuifuata. Lakini Mwenyekiti Ambilikile, aliyehamia kutoka Mbeya na kiherehere chake, alikuwa amepiga marufuku pombe siku za kazi. Na kwake yeye siku zote zilikuwa za kazi.

Bahati nzuri shamba la Fransiska lilipakana na la kijiji, bila hata kichaka katikati. Jumamosi, siku ya wote kulima la kijiji, aliwahi, akaweka vyungu viwili mwisho kabisa wa shamba lake. "Togwa hiyo, wenzangu!" akatangaza. Kimoja kilikuwa togwa kweli, kwa ajili ya Mama Zuhura muuza dagaa na Waislamu wenzake. Cha pili, mh! Hicho hakiguswi mpaka shamba liishe, ndiyo desturi.

Wee! Watu walilima siku ile! Wafipa, Wanyakyusa, watu wa ziwani, wote vichwa chini. Wakamaliza la kijiji jua halijawa kali, wakaunganisha moja kwa moja kwenye la Fransiska, Ambilikile mbele yao akihimiza, maana naye pua alikuwa nayo.

Walikuwa wamefika nusu ya shamba lake, Land Rover iliposimama kando. Akashuka bwana mmoja kutoka wilayani, shati limepigwa pasi. Ambilikile akaloa jasho. Pombe ikijulikana itamwagwa, watu watatawanyika, na nusu ya shamba itabaki majani. Fransiska alijua hilo, akajisogeza mbele ya vyungu, lakini mgeni akamfuata hukohuko.

"Shikamoo, mama. Kuna nini humo?"

"Marahaba, mwanangu. Togwa tu."

"Nipe basi nionje."

Fransiska akainamia chungu cha togwa. Kitupu! Wenye kiu walikuwa wamekikausha. Sasa afanye nini? Akachota kwenye kile kingine, akampa mgeni kata kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Hakuna jembe lililoinuka. Mgeni akanywa kidogo, akamtazama Fransiska, akamtazama Ambilikile, kisha akanywa mpaka tone la mwisho.

"Togwa hii," akasema polepole, "ni ileile ya bibi yangu kule Mwazye." Akainama kufungua kamba za viatu. "Na bado haigawiwi mpaka shamba liishe?"

"Bado, mwanangu."

"Haya, nipeni jembe." Akatupa macho mpaka kule shamba lilikoanzia, akatikisa kichwa. "Kumbe shamba la kijiji ni kubwa hivi?"

"Kubwa sana," alisema Fransiska, machozi ya furaha yakimlenga. "Wewe lima tu, baba, usiulize."

Akajifuta macho kwa khanga, kisha akaketi akiwa amekumbatia chungu, Ambilikile asije akatangulia.