Farasi Aliyeinama kwa Mluzi

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi farasi alinipiga teke kwenye paja la kulia. Saa naijua kwa hakika, maana redio ya mzee mwenye shamba ilikuwa dirishani. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha na matangazo ya vifo yalikuwa yameanza. Niliyasikiliza yote nikiwa chali kwenye majani yenye umande, nikingoja kujua kama mguu umevunjika. Haukuvunjika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vipya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka kwetu Busunzu, upande wa Kibondo, kuja Kasulu kufanya kazi kwenye shamba dogo lililokaa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kabanga. Mwenye shamba alikuwa bwana shamba mstaafu. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, migomba, kahawa kidogo, na farasi jike mmoja mwekundu. Farasi huyo aliachiwa na mganga wa mifugo, mgeni, aliyekuwa anarudi kwao akaona hawezi kusafiri naye. Pamoja na farasi aliacha tandiko, hatamu, na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada.

Mbali bondeni, kwenye miombo, kulikuwa na mbung'o, kwa hiyo farasi hakushushwa huko. Alibaki juu pamoja na ng'ombe. Alikula nao, akanywa nao kwenye kijito cha chini ya ua, akalala nao zizini. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyempanda.

Kosa langu la asubuhi ile lilikuwa kosa la Muha yeyote aliyekulia kwenye machungo. Sisi huchunga kutoka nyuma. Fimbo iko begani, macho yako kwenye mikia, na ng'ombe anajua upo nyuma yake, basi anatembea. Nilimwendea farasi hivyo hivyo, nikamgusa mapaja kwa fimbo ili atoke zizini.

Mzee alitoka na kikombe chake cha chai, akanitazama pale chini.

"Nani alikutuma huko nyuma?"

"Ndiko ninakochungia, mzee."

"Haya. Umeshachunga."

Alipoona naweza kusimama alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mfanyabiashara mmoja wa Kasulu mjini, mwenye duka la jumla, alikuwa anamtaka farasi huyu kwa shilingi mia sita, avute mkokoteni wa magunia. Angerudi baada ya wiki sita.

"Akikuta mnyama huyu hana kazi, anaondoka naye," mzee alisema. "Mimi sifugi pambo."

Nilikuwa nimewaona punda wa mfanyabiashara yule. Migongo yao ilikuwa imechubuka hadi nyama, na inzi walikuwa wametua humo. Nikasema, bila kufikiri sana, "Nipe hizo wiki sita."

"Utampanda wewe?"

"Nitamfundisha. Atakayempanda ni mkunga."

Mkunga wa zahanati yetu alikuwa mama wa karibu miaka arobaini, mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Wazazi wake, yaani wanawake aliowazalisha, walitawanyika kwenye vilima vyote vile. Alikuwa na baiskeli. Kiangazi ilimbeba, masika yeye ndiye aliyeibeba. Mara mbili alikuwa amesimama kwenye ua wetu akimtazama farasi na kuuliza kama anauma.

Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nilikuwa nimejifundisha kwa kamusi, na kile kitabu kisicho na jalada nilikisoma ukurasa mmoja kila jioni kabla giza halijaingia. Kilisema jambo moja kwa namna nyingi: mnyama huyu akiogopa hajifunzi. Nikaisimamisha fimbo yangu ukutani, nikafungua daftari.

Wiki ya kwanza nilikaa zizini juu ya gogo, nimempa farasi mgongo, napukuchua mahindi kwenye ungo. Sikumwita wala kumtazama. Siku ya nne alikuja akaninusa shingo. Siku ya sita alikula kiganjani mwangu. Jirani aliyechunga ng'ombe ng'ambo ya ua, mtu mzima wa umri wangu mwenye mdomo mrefu, alikuwa akipita na kuniamkia kwa Kiha kila siku.

"Mwakeye, yaya! Mtoto amelala?"

"Amelala. Punguza sauti."

Wiki ya pili nilimvisha kamba ya kichwani. Kamba ya katani ilimkwangua nyuma ya masikio, kwa hiyo nikasuka nyingine kwa khanga kuukuu za mke wa mzee. Nilijifunza kutembea ubavuni kwake, usawa wa bega, mahali anapoweza kukuona. Mguu wangu wa kulia ulikuwa bado unachechemea, na yeye akaupata mwendo ule ule. Tukawa tunachechemea pamoja mpaka nilipopona.

Wiki ya tatu ilikuwa ya uzito. Nilimwekea gunia tupu mgongoni, kisha tandiko, kisha mifuko miwili ya mchanga, mmoja kila upande. Nilianza na robo debe, nikafika debe zima. Sikuongeza mchanga hata mara moja kabla masikio yake hayajatulia. Siku moja hayakutulia hata kidogo, basi siku hiyo hatukufanya kitu. Nikaandika daftarini: hakuna.

Wiki ya nne mkunga alikuja amevaa suruali ya mumewe chini ya gauni la kazi. Wanawake waliokuwa wanachota maji kwenye kijito waliziacha ndoo zao wakapanda kuja uani.

"Dada mkunga," mmoja alipaza sauti, "leo umepata mume wa miguu minne?"

"Angalau huyu hanywi pombe," mkunga alijibu, mguu mmoja ukiwa kwenye kikuku cha tandiko.

Nilimfundisha kwa utaratibu ule ule niliomfundishia farasi. Kwanza akae tu, mimi nikiwa nimeshika kamba. Kisha atembee bila kushika hatamu, mikono kiunoni, ajue mwili wake unakwenda wapi. Alitii kuliko nilivyotegemea. Tulipozunguka ua mara ya tatu, farasi akashusha kichwa ghafla mpaka pua ikagusa ardhi. Mkunga alitelezea shingoni kama gunia la viazi, akaketi kwenye matope.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mkunga alijifuta, akasema, "Tena."

Siku ya pili yake alianguka vile vile. Siku ya tatu hakuanguka, na nilidhani tumeshapona. Siku ya nne alianguka, na safari hii aliumia kiwiko.

"Kijana," aliniambia akiwa amekishika, "mimi nina wazazi wawili wanaotarajia mwezi huu. Nikivunjika, nani atawazalisha, wewe?"

Zilibaki siku kumi na sita. Nilikaa na daftari langu nikasoma saa nilizoandika. Kila alipoanguka ilikuwa kati ya saa nne kamili na saa nne na robo. Ile siku ambayo hakuanguka tulikuwa tumeanza saa nane mchana.

Kesho yake saa nne sikumpandisha mtu. Nilisimama tu na farasi, nikasikiliza. Chini ya ua jirani yangu alikuwa amewafikisha ng'ombe kijitoni, na alikuwa anawapigia mluzi.

Kwetu ng'ombe hanyweshwi kimya. Wakishafika majini mchungaji hupiga mluzi mrefu, laini, unaoshuka, tena na tena, na ng'ombe huinamisha vichwa na kunywa mpaka washibe. Asipopiga, hunywa kidogo na kuinua vichwa. Mimi mwenyewe nimepiga mluzi huo tangu nina miaka saba. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba sikuusikia tena. Farasi alikuwa ameusikia. Miaka miwili alikunywa na ng'ombe, na kwake mluzi ule ulikuwa amri ya kuinamisha kichwa, awe na mtu mgongoni au asiwe naye.

Sitaficha kwamba nilijisikia fahari kubwa pale uani, peke yangu, na daftari mkononi. Lakini kujua chanzo hakukumzuia farasi kuinama. Nilishuka nikamweleza jirani, nikamwomba aje uani kila siku akishanywesha.

"Nije kumpigia mluzi farasi?"

"Ndiyo."

"Na maji?"

"Hakuna maji."

"Busunzu mna mambo," alisema. Lakini alikuja.

Alipopiga mluzi, mimi nilinyoosha kiganja chenye mahindi juu, usawa wa paji la uso wa farasi. Akiinama, hapati. Akiinua kichwa, anapata. Siku ya kwanza aliinama mara zote ishirini. Siku ya tano aliinama mara tisa. Siku ya nane mara mbili, na siku ya tisa hakuinama kabisa.

"Midomo yangu imeota sugu," jirani alilalamika. "Unanilipa nini?"

"Mahindi."

"Na mimi niinue kichwa?"

Siku zilizobaki zilikuwa za mkunga. Alijifunza kusimamisha kwa uzito wa mwili kabla ya kuvuta hatamu, na kwenda mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, bila kupiga kelele.

Mfanyabiashara alifika siku ya Jumamosi saa tatu na nusu, akiwa na pikapu na kamba mpya. Alikuwa mtu wa adabu, akasalimia kila mmoja na kuulizia afya ya mke wa mzee. Mzee akamwambia angoje kidogo aone kazi ya farasi. Mkunga alipaswa kushuka kijitoni, kuvuka, kupanda hadi zahanati na kurudi, na hakuna mtu wa kumshikia kamba.

Alishuka saa nne na dakika tano. Ng'ombe wa jirani walikuwa majini. Nilitarajia jirani atanyamaza, lakini alipiga mluzi wake wote, mrefu na laini, kama siku nyingine yoyote, maana ng'ombe wake walikuwa na kiu. Kutoka juu niliona masikio ya farasi yakigeuka. Kichwa hakikushuka. Alipita katikati ya ng'ombe, akavuka, akapanda upande wa pili, na mgongo wa mkunga ulikuwa umenyooka.

Kisha wakapotea nyuma ya migomba. Zikapita dakika ishirini, zikapita arobaini. Mfanyabiashara alianza kuikunjua kamba yake.

Wakatokea kwa mwendo wa matiti. Mkunga aliingia uani, akasimamisha kwa kuegemea nyuma kidogo, akashuka.

"Mtanisamehe," alisema. "Nimepita kwa mzazi wa juzi, nikaangalia kitovu cha mtoto. Kinakauka vizuri."

Mfanyabiashara aliweka kamba chini. Alimzunguka farasi, na nikaona anapita mbele, si nyuma.

"Mia sita tulizosema," alimwambia mzee, "nazifanya mia nane."

"Huyu ana mwalimu wake," mzee alisema. "Muulize."

Alikuwa ananionyesha mimi. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo, na mzee yule hakuwa mtu wa utani. Mfanyabiashara aligeuka, akanitazama kuanzia miguu isiyo na viatu hadi juu.

"Haya, mwalimu. Unasemaje?"

"Hauzwi," nilisema. "Ana kazi."

"Mia tisa na hamsini."

"Umeshamsikia," mzee alimjibu.

Mfanyabiashara alikunja kamba, akaingia kwenye pikapu, akatoa kichwa dirishani na kutaja bei yake ya mwisho. Mzee alinitazama. Nikatikisa kichwa kukataa, na asubuhi ile, mbele ya mkunga na farasi, tukaacha ziende shilingi elfu moja na mia mbili.