Siku Bibiana Alipoambiwa Akae

Simbo hatuna ukumbi wala bendi, na spika za kukodi zikifika kutoka Kigoma mjini zinakuwa zimeshachoka. Lakini tuna Bibiana. Ukisikia kuna harusi, kipaimara au matanga, usiulize kama chakula kitatosha. Uliza kama Bibiana yupo. Yeye ndiye mshika mwiko wetu, na ole wake atakayeugusa mwiko huo bila kuitwa.

Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu, na vitunguu nilivyomenya chini ya amri yake havina idadi. Ana mdomo, sifichi. Atakuambia mbele za watu kwamba wali wako umekuwa uji. Ila hajawahi kuacha mtu arudi kwake na njaa, wala hajawahi kula mwenyewe kabla ya sahani ya mwisho kutoka. Sisi wengine tukishajifuta midomo, yeye anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kukwangua ukoko uliopoa.

Kijiji chetu kimechanganyika. Msikiti uko upande wa barabarani, kanisa liko upande wa michikichi, na kwenye shughuli tunakula pamoja. Ili tule pamoja, mnyama huchinjwa na Mwislamu, na kwetu Mwislamu huyo ni Mzee Ismaili, fundi baiskeli. Kumwita kuna utaratibu wake. Hapigiwi simu wala hatumiwi mtoto. Jioni ya kuamkia shughuli, Bibiana hujifunga kanga, huenda mwenyewe, hugusa magoti chini na kuamkia, hunywa chai ya Bi Mwamini, mke wa mzee, na kuzungumza habari za mihogo mpaka chai iishe. Ndipo anasema, "Mzee, kesho tuna jambo." Basi, imetosha. Alfajiri mzee anakuja na kisu chake. Bila kuitwa haji, maana hakuna mtu mwenye heshima anayejipeleka kwenye ng'ombe wa watu.

Bibiana ana sababu ya kushika jambo hili kwa mikono miwili. Mumewe, Bonifasi, alipofariki, Bi Mwamini alikuja na wanawake wa upande wa msikiti, wakashika jiko tangu msiba ulipotangazwa mpaka matanga yalipoondolewa. Bibiana hakuwasha hata kijiti. Tangu hapo alijiapiza kwamba chakula atakachokisimamia yeye hakitamtenga mtu yeyote wa Simbo.

Sasa mwaka huu ikafika zamu yake. Regina, mtoto wake pekee, alipata mchumba huko Kasingirima, na sherehe ya kumuaga ikapangwa Jumamosi. Kamati ikaundwa, na Yakobo, mwenyekiti wetu anayependa sana kusimama, akasimama. "Mama Regina," alisema, "umetupikia vya kutosha. Safari hii wewe ni mama wa shughuli. Unakaa." Tukapiga makofi. Mwiko akapewa Rozalia wa kwaya. Bibiana alicheka, lakini nilimwona mkono ukitafuta pa kushika.

Ijumaa jioni alikalishwa barazani akasukwa nywele. Kila alipotaka kunyanyuka, msusi alimvuta chini. Alijua kamati imepanga kila kitu, na kweli ilipanga: viti, maturubai, mpaka mtu wa kufukuza kuku. Lile la kwenda kwa Mzee Ismaili hakuna aliyepangiwa, kwa sababu miaka yote hatujawahi kulipanga. Tuliliona kama linatokea lenyewe, kumbe lilikuwa linafanywa na Bibiana.

Ng'ombe alitoka kwa shemeji yake Dismasi, anayeishi huko juu Kasulu, mtu mwema mwenye haraka ya ajabu. Alfajiri, wakati sisi bado tunatafuta kuni kavu, Dismasi alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Kulipokucha Bibiana alichungulia jikoni, kichwa kinameta kwa mafuta. "Mzee Ismaili amekunywa chai?" aliuliza.

 Rozalia alimtazama Yakobo, naye akaangalia maturubai yake.

"Mzee gani tena?" akasema Dismasi kwa furaha. "Ng'ombe nimemmaliza mwenyewe, shemeji. Ngozi nimeshaipeleka kwa pikipiki, na nyama ndiyo hiyo inachemka."

Tulingoja atufokee. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa juu ya kinu chake kana kwamba amepokea habari ya msiba. Yakobo akajikohoza na kusema kwa sauti ya chini, "Mama Regina, tuliomo humu jikoni ni sisi tu. Nyama ni nyama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu Bibiana. "Unataka nikae kwenye kiti chenu cha mapambo nimwangalie Mwamini akitafuna?"

Akasimama, akatoka na ndala zisizofanana. Nilimfuata, maana mtu hawezi kuachwa aende peke yake kwenye aibu ya namna hiyo. Njiani aliniambia, "Wataondoka na njaa, Mama Bariki. Kwenye shughuli yangu mimi."

Mzee Ismaili tulimkuta barazani. Alikuwa amevaa kanzu safi, na magotini alikuwa na kisu kimefungwa kitambaa. Nilipokiona kile kitambaa, moyo uliniuma.

Bibiana alipiga magoti mpaka chini. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Regina."

"Mzee, nimeharibu. Nilikalishwa nikasukwa nywele, nikajua kamati imekuja kwako. Kumbe hakuja mtu. Shemeji yangu amechinja mwenyewe. Nyama ile msiile. Nimekuja kusema mwenyewe kabla hamjatoka nyumbani."

 Mzee alipumua pumzi ndefu, mabega yakashuka.

"Ego, ndivyo," alisema. "Nimekaa hapa tangu nilipotoka kuswali. Nikamwona kijana anapita na pikipiki, amebeba ngozi mbichi. Nikajiambia, aaa, leo ni shughuli yake mwenyewe, ameona afadhali afanye na wa kwao."

"Oya, Mzee! Hapana, oya!" Bibiana alikuwa analia sasa waziwazi. "Wa kwetu ni nani kama si nyinyi?"

Bi Mwamini akatokea mlangoni na beseni la unga. "Hata hivyo tulikuwa tunakuja," alisema. "Tumekubaliana wote wa upande huu. Tungekaa, tungecheza, na chakula kikifika tungesema tumefunga sunna."

Bibiana alifuta macho. "Funga gani ya Jumamosi, Mwamini? Sunna si Jumatatu na Alhamisi?"

Bi Mwamini alifikiri kidogo. Akaanza kucheka, mzee akafuata, nami nikajikuta nimeshikilia nguzo ya baraza kwa kicheko. Upande mzima wa msikiti ungefunga Jumamosi! Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeteremsha ndoo ya maji kichwani.

"Samaki hachinjwi," alisema Mzee Ismaili alipopata pumzi. Akatoa simu, akampigia Heritier, muuza samaki wa Ujiji, amletee migebuka kwa bajaji, yote aliyokuwa nayo. Bi Mwamini akatoa masufuria yake, yasiyoguswa na nyama ile.

"Nyumbani kuna mbuzi pia," alisema Bibiana. "Wa kubanikwa mzima kwa ajili ya wakwe. Bado yuko..."

Alimkumbuka Dismasi. Tukatazamana. Sijawahi kuona mzee wa umri ule akikimbia na kanzu. Tulipofika uani, Dismasi alikuwa anamfungua mbuzi kamba, kisu mdomoni.

"Shemeji!" Bibiana alipiga ukelele uliosikika mpaka kanisani. "Kaa chini! Leo wewe ndiye unayekaa!"

Dismasi akakaa palepale vumbini. Mzee Ismaili alikunjua kitambaa chake taratibu, akapokea kamba, na mimi nikashukuru Mungu kwa sauti.

Sherehe ilifana. Nyama ya Dismasi ililiwa, lakini samaki walikwisha kwanza, na waliowagombania zaidi ni Wakristo wenzangu, Yakobo akiwa mbele. Regina alipendeza mpaka tukamsahau bwana harusi.

Nami nataka kusimulia lile la mwisho. Chakula kilipoanza kupakuliwa, kabla hata ya meza ya wakwe, Bi Mwamini alipita katikati ya watu na sahani ya wali unaofuka moshi, mgebuka juu yake, akamwekea Bibiana mapajani.

"Watu hawajala," alisema Bibiana.

"Ndiyo maana nimekuletea sasa."

Bibiana aliitazama ile sahani muda mrefu. Miaka yote ya kutupikia, hakuwahi kula cha moto kwenye shughuli. Akanawa, akamega, akatia mdomoni, na machozi yakamtoka huku anatafuna.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nyamaza, ule," akajibu Bi Mwamini, akakaa chini kando ya kiti chake, akanyoosha mkono kwenye sahani ileile.