Swali la Mwende na Jiwe la Baba

Mwanangu, umeniambia utairuka jiometri kwa sababu wanafunzi wanailalamikia. Nakumbuka nami nikiwa mwalimu mpya wa hesabu hapa Mumbuni. Niliwaandikia wasichana wa kidato cha pili kanuni ubaoni, nikawaambia wakariri. Mwende, msichana mpole wa dawati la nyuma, akauliza, "Mwalimu, tunajuaje kwamba ni kweli?"

Nikamwambia mtihani hautamuuliza hayo. Akaketi. Muhula wote hakuinua mkono tena, na mimi, Mungu anisamehe, niliufurahia ule utulivu.

Likizo nikaenda nyumbani Katelembo. Nikamkuta baba akipima matuta ya shamba, maana kwetu mteremko ukipimwa vibaya mvua hubeba udongo wote. Alikuwa na miti miwili ya urefu mmoja, imefungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, na ufito umekatiza kati yake kama herufi A. Kutoka juu alining'iniza uzi wenye jiwe. Uzi ukipita katikati ya ufito, alijua miguu yote miwili iko usawa mmoja.

Baba hakusoma. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mbona hili jiwe halidanganyangi? Nimengoja usome ndio uniambie."

Nilikionea aibu cheti changu mpaka macho yakalowa. Nikaketi mchangani, nikachora pembetatu yenye pande mbili sawa, nikafuta, nikachora tena. Ilinichukua muda kuona kwamba mstari wa kati huigawa nusu mbili zinazolingana kabisa na kukutana na ufito kwa pembe mraba, kwa hivyo uzi ukining'inia wima hapo katikati, ufito hauna budi kulala sawa, na miguu pia. Baba akaufuata kila mstari kwa kidole, kisha akacheka polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Shule ilipofunguliwa nilimwomba Mwende msamaha mbele ya wenzake, nikampa chaki atuonyeshe ubaoni kwa nini kanuni ni kweli. Alikosea mara mbili, na darasa zima likamsaidia. Sijawahi kufundisha kipindi kitamu kama kile.

Wafundishe jiometri, mwanangu. Kanuni wengi watazisahau, na si neno. Ila kijana akishaona kwa akili yake mwenyewe kwamba jambo haliwezi kuwa vingine, hatadanganywa ovyo na mwenye sauti kubwa. Akikuuliza kwa nini, msikilize, hata kengele ikiwa imelia. Usipojua, sema hujui, mkatafute pamoja.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akujalie subira, na asikunyime mwanafunzi mmoja wa kukuuliza.