Grisi Yenye Harufu ya Mchaichai

Mdogo wangu ni fundi baiskeli, na sifa yake hapa mjini ni moja tu: baiskeli ikitoka mikononi mwake haisikiki. Waendeshaji wa mlimani wamempa jina la Kimya, na wanalitamka kwa heshima, kama wanamtaja daktari bingwa. Mimi niliyembeba mgongoni na kumfuta makamasi nalitamka nimekunja pua, na sababu ninayo.

Tulikulia katika ua wa fundi bati. Baba alikuwa akitengeneza ndoo na makarai, na tangu asubuhi hadi jua kuzama kazi ilikuwa nyundo juu ya bati. Sisi wengine tulizoea. Tulizungumza kwa kupaza sauti, na usingizi wa mchana tuliupata humo humo kwenye makelele. Yeye hakuzoea. Alipokuwa na miaka saba aliifungua saa ya ukutani akaitoa matumbo yote kwa sababu, alisema, ilikuwa inamtafuna masikio. Baba alimcharaza, saa haikupona, na usiku ule mtoto akalala fofofo.

Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara ya kupanda mlimani. Spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, kila moja mahali pake palipochorwa kwa rangi. Redio hakuna. Mteja akianza kupiga domo anaonyeshwa benchi la nje. Humo ndani mdogo wangu huinua baiskeli, akazungusha gurudumu, akatega sikio, na akisikia chochote anarudi kuifungua upya.

Sasa, baiskeli ikiteremka bila kukanyagwa, gurudumu la nyuma hulia tiktiktik. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna meno madogo yenye springi, na ndiyo yanayogonga. Mafundi wengine huyaacha yalie. Kimya hakuweza. Alichanganya grisi nzito na nta ya nyuki, akayashindilia meno yale mpaka yakawa yanagonga kama kwenye mto wa kulalia. Na kwa kuwa harufu ya grisi humchafua roho, alitia matone ya mafuta ya mchaichai. Sijasikia fundi mwingine mwenye grisi inayonukia hivyo. Kazi hiyo hakumfanyia kila mtu. Alichagua wateja kumi na mmoja, wale waliojua kutunza chombo, na baiskeli ya kumi na mbili ilikuwa yake mwenyewe.

Mimi ni mshonaji, kazi ya kukaa. Nimekaa miaka thelathini mbele ya cherehani, na sukari ikanikuta hapo hapo. Daktari alinitazama miguu, akaniambia nitembee saa nzima kila siku, maana miguu hiyo nisipoitumia itaanza kuoza kidole kimoja kimoja. Alisema hivyo hivyo, kuoza. Nikaanza kupanda mlima kila asubuhi na jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwa ile njia ya msituni inayotoka getini hadi tangi la maji. Ndiyo sehemu pekee karibu nasi isiyo na magari.

Watu huisifu njia ile kwa uzuri wake. Waje waione kwa karibu. Kila kona ina karatasi za peremende na vichupa vya plastiki vilivyofyonzwa vikatemwa. Watembeaji nao hawana adabu: wanakwenda wanne wanne wameshikana mikono kama wanafunga barabara, na nyuma ya vichaka wanaacha karatasi za chooni zinazopepea. Lakini waendesha baiskeli ndio walionitia kichefuchefu zaidi. Nguo za kubana, miwani ya kioo, tope hadi kwenye meno. Kwenye geti kuna kibao kinachosema mwenda kwa miguu apishwe kwanza, nao wamekibandika stika hadi hakisomeki. Wakishuka wanafunga breki hapo hapo mgongoni kwako, udongo unakurukia, na wewe ndiye unayetazamwa kama kinyesi kilichoachwa njiani.

Nilikuwa nikimwambia Kimya haya yote Jumapili akija kula. Alikuwa akicheka. Alisema wengi wao ni watu wastaarabu, dada, tatizo ni wachache. Nikamjibu kwamba hao wachache wote wanapita ninapopita mimi.

Jumanne moja mwalimu alikuwa na mafua, nikaenda peke yangu. Nilikuwa nashuka, karibu na kona ya mti ulioanguka, nikisikiliza nyuma kama nilivyojifunza. Nilikuwa na masikio mazuri na niliyategemea. Tiktiktik ikija unasogea kushoto, inapita, unarudi. Asubuhi ile hakukuwa na kitu. Kisha nikawa chini, mkono wangu wa kulia uko chini yangu, gurudumu linazunguka juu ya gauni langu, na mwanaume mzima mwenye helmeti anajipangusa magoti. Aliinua baiskeli yake kwanza. Akaikagua usukani. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekosewa:

"Hukunisikia, mama?"

Akaniambia pole, akasema ana wagonjwa wanamsubiri, akashuka. Nilifika nyumbani nimeshikilia mkono kama kuku aliyevunjika bawa. Hospitali wakaufunga plasta hadi kiwiko.

Kimya alipopata habari alikuja mbio hata karakana hajafunga. Aliapa atamtafuta mtu huyo hadi ampate. Siku tatu mfululizo alikuja nyumbani, akapika, akaosha vyombo, na muda wote alikuwa akiwatukana waendesha baiskeli kwa maneno ambayo hata mimi sikuwahi kuyatumia. Aliwaita washenzi wa magurudumu. Nakiri nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nalalamika peke yangu.

Jumamosi akaniomba kapu la nguo chafu. Nilikuwa nimelitupia humo gauni la bluu la siku ile, lina tope na alama ya kitu cha manjano kifuani, na sikutaka hata kulitazama. Akaenda kulifua uani. Nilisikia maji, kisha sikusikia maji. Alipoingia ndani alikula bila kuniangalia, akaaga mapema.

Tangu siku ile hakumtukana mtu tena. Nilipoanza mimi, alijifanya hamnazo. Nikadhani amechoka na hadithi yangu. Huku nyuma, zahanati walinipima sukari, imepanda. Muuguzi akaniuliza kama natembea. Nikamwambia natembea kutoka kitandani hadi jikoni. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mkono ungepona, lakini nilikuwa nimepoteza imani na masikio yangu. Kama sikumsikia yule, nitamsikia nani? Muuguzi aliniangalia vidole vya miguu kimoja kimoja, akaandika kitu, hakuniambia alichoandika.

Alhamisi nilitafuta gauni la bluu nikalikosa kwenye kamba. Nililikuta nyuma ya pipa la maji, limekunjwa, kifua hakijaguswa na sabuni. Nikalinusa kuona kama limevunda. Lilinukia mchaichai.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, gauni mapajani, mpaka alipokuja na mboga za jioni. Aliliona gauni akasimama mlangoni.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Jumamosi, dada."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi." Akaweka mboga chini. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Namna ya kuniambia ni kufungua mdomo."

Akafungua. Alama ile ilimwambia ni mmoja wa wale kumi na mmoja, na Jumatatu aliyehusika akajileta mwenyewe: daktari wa meno, usukani umepinda, ameanguka mlimani, alisema. Hakutaja kama aliangukia mtu. Mdogo wangu aliipandisha baiskeli kwenye stendi na kuzungusha gurudumu la nyuma.

"Halikutoa sauti hata kidogo," alisema. "Nikafurahi, dada. Kabla sijakumbuka, nilifurahi."

"Halafu ukafanya nini?"

Alitazama mikono yake. "Nikanyoosha usukani."

"Na grisi?"

"Sikuitoa."

"Ukamrudishia hivyo hivyo."

"Nikamrudishia."

Nimewachukia wengi katika maisha yangu, wengine bila sababu ya maana. Lakini kumwangalia mtu niliyemlisha kwa kijiko na kuhisi matapishi yanapanda, hilo lilikuwa geni kwangu. Yule wa meno aliniangusha mara moja. Huyu wangu alikuwa amemwandaa aniangushe tena, na katikati akawa anakuja kunioshea sufuria kwa mikono ile ile. Nikamwambia asiguse tena nguo zangu. Aliondoka, mboga zikabaki pale chini.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwalimu. Jumapili asubuhi Kimya aliweka meza yake pale getini, na beseni la mafuta ya taa, akawaita wote kumi na mmoja. Mbele ya watembeaji na waendeshaji alifungua magurudumu, akachokoa grisi yake, akaosha meno hadi yakalia. Mwalimu alisema alionekana kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Kumi walikubali, huku wakinung'unika. Mmoja alisema kelele zitamharibia starehe, akapanda chombo chake akaondoka. Daktari wa meno, mmoja wa wale kumi, alikuja kwangu siku hiyo hiyo kuomba radhi. Alisema alidhani nimemsikia. Alileta kikapu cha zabibu, tamu kweli kweli, kwa mgonjwa wa sukari. Nilimsamehe ili atoke.

Jioni yake nilikuwa uani najaribu kukuna ngozi chini ya plasta kwa sindano ya kufumia, nikageuka, na Kimya amesimama mita moja kutoka kwangu. Nilishtuka hadi sindano ikanitoka. Alikuwa ameshika baiskeli yake. Alikuwa ameingia nayo kupitia geti la ua, akapita kwenye mchanga, na mimi sikusikia chochote.

"Nimezimaliza zote nilizoachiwa," alisema. "Unaweza kurudi kutembea."

"Na hii?"

Alishika kiti cha baiskeli kama mtu anayemzuia mtoto asidungwe sindano. Akasema hii ni ya kwake, anajua kuiendesha, haendi nayo penye watu. Nilimkumbusha kwamba kila alfajiri anashuka nayo njia ile ile. Akasema hajawahi kumgusa mtu. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ndiyo saa pekee kwa siku ambayo hasikii nyundo.

Baba alikufa miaka ishirini na miwili iliyopita. Maneno yale yalinigusa, sitaficha. Lakini nilikumbuka muuguzi akiandika.

"Basi mimi sipandi," nikamwambia. "Nitakaa hapa, vidole viondoke kimoja kimoja, na wewe utakuja kuvifagia."

Alikiachia kiti. Kisha akapindua baiskeli pale pale uani. Alichukua beseni langu la vyombo, hakuniomba, na kijiko changu cha chai, akaanza kuchokoa. Grisi ilitoka mabonge mabonge, ya manjano, na ua wote ukanukia kama sabuni ya wageni. Sijawahi kunusa kitu kizuri kinachochukiza kiasi kile. Alipomaliza alirudisha gurudumu na kulizungusha. Liliposema tiktiktik uso wake ulijikunja, ukawa uso wa yule mtoto wa miaka saba chini ya saa. Nilimhurumia kidogo. Kijiko nilikitupa.

Kesho yake nilipanda na mwalimu, mkono kwenye kitambaa. Karatasi za chooni zilikuwa palepale, na kundi la wanawake watano lilikuwa limetanda njia nzima likipiga picha. Tulifika kwenye tangi nikiwa nimechukizwa na kila mtu, na miguu yangu ilinishukuru.

Tukishuka, kabla ya mti ulioanguka, nilimsikia. Alikuwa bado mbali juu, na sauti ilikuwa mbaya, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Nikamshika mwalimu mkono tukasogea kushoto. Mdogo wangu alipita polepole, kichwa ameinamisha, pamba nyeupe zimejaa masikioni. Hakututazama.